Jeneza la Anjeline Juu ya Daraja la Malaba

Hoteli ya Apeduno ilikuwa ya mabati, haina jina, nyuma ya uwanja ambapo maroli yalipangwa kusubiri kastomu upande wa Kenya. Ukitaka kuipata ulifuata tu harufu ya samaki mkavu akichemka katika mchuzi wa karanga. Alipika atapa, ule ugali mweusi wa wimbi na muhogo ambao Mteso asipoula atakwambia hajala, hata kama amemaliza kuku mzima. Walikula kwake madereva wa kutoka Mombasa, mautingo wao, makarani wa kastomu na askari. Hata wale wa ng'ambo. Mchana Apeduno alijitwika karai la mabakuli yaliyofunikwa, akavuka daraja kwa miguu, akawapakulia askari wa Uganda kwenye kibanda chao, akarudi. Hakuna aliyemwuliza karatasi. Wangemwulizaje, na njaa ile?

Daraja lenyewe si refu. Mtu akisimama katikati na kupaza sauti, anasikika pande zote mbili. Chini yake unapita Mto Malaba, maji ya rangi ya chai ya maziwa, na kando kuna njia ya miguu ambayo wanawake wanashukia kufua. Apeduno alizaliwa upande huu. Mdogo wake, Anjeline, aliolewa upande ule, kwa Etyang, mkulima wa pamba, na boma lao lilikuwa karibu kiasi kwamba aliweza kwenda kumwona mdogo wake na kurudi kabla maharagwe hayajaiva. Jumapili hii walisali misa huku, Jumapili ile kule. Kwao wawili hao mpaka lilikuwa neno la watu wa ofisini.

Mwaka wa sabini na sita mambo yakaharibika. Redio ya Kampala ilitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ilikuwa ardhi ya Uganda tangu zamani. Malaba watu walisikiliza, wengine wakatukana, wengine wakaulizana kwa kicheko kama kesho wataamka wakiwa raia wa wapi. Kicheko hakikudumu. Geti likaanza kufungwa na kufunguliwa ovyo, leo kwa amri ya huku, kesho kwa amri ya kule. Askari wapya wakaletwa ng'ambo. Karai la Apeduno likaanza kupekuliwa, kisha likakatazwa kabisa.

Ni katika siku hizo Anjeline aliugua. Tumbo lilimvimba, na kule kwao zahanati ilikuwa imebaki na rafu tupu na mwuguzi mmoja wa kuwapa watu pole. Siku moja geti lilipofunguliwa, Etyang alimpakia mkewe kwenye baiskeli, akamvusha, akamkabidhi kwa Apeduno, akarudi kwa watoto wake. Kesho yake geti likafungwa tena. Apeduno alimlaza dadake hospitali ya serikali, akafunga hoteli, akakaa naye. Daktari alisema wamechelewa sana. Anjeline alikufa asubuhi, akiwa ameshika kidole gumba cha dada yake kama mtoto mchanga, na maneno yake ya mwisho yaliyoeleweka yalikuwa ya kuuliza kama watoto wamekula.

Habari zilimfikia Etyang kupitia wanawake waliokuwa wakivuka mto kule juu, penye mafunjo, na sabuni kichwani. Wote walijua njia hiyo. Kiangazi kilikuwa kikali na maji yalikuwa yamepungua. Kwa hiyo Okiror, kaka yao, aliyekuwa katekista na mtu wa kuogopa fujo, alitoa shauri.

"Tumpitishe huko juu," alisema. "Jioni, giza likianza. Hakuna atakayetuona."

Apeduno alimgeukia. "Anjeline ni sabuni ya magendo?"

"Sijasema hivyo, dada."

"Aliolewa mchana. Ng'ombe walipita kwenye hilo daraja watu wakishangilia, na wewe ulikuwa mbele ukicheza. Atarudi kwa mume wake mchana, kwa barabara. Yeye si mwizi."

Mambo yakawa hivyo. Mke wa mtu huzikwa kwa mumewe, na watoto wake walikuwa ng'ambo, hawajamwona mama yao tangu siku ya baiskeli.

Walifika getini na jeneza likiwa juu ya mabega, jua likiwa limeshapanda. Nyuma yao wanawake wachache wa kanisa na mautingo waliojitolea kubeba. Kwenye dirisha la uhamiaji alikuwepo Bwire, kijana mpole wa Kisamia, aliyekula kwa Apeduno kila siku ya kazi na kumwita mama. Alisoma barua ya hospitali, akavua kofia.

"Pole sana, mama. Mungu amlaze mahali pema." Akapiga muhuri, akainua geti kwa mkono wake mwenyewe. "Pita. Mimi sina shida."

Wakaingia darajani. Ng'ambo, nyuma ya askari, walimwona Etyang amesimama na shati jeupe, watoto wakimshika suruali. Watoto walipoona sanduku walianza kuita, "Toto! Toto!" ndiyo kusema mama kwa Kiteso, na sauti zao zilifika vizuri kabisa.

"Simama hapo!"

Alikuwa sajini, mtu mrefu, mmoja wa wale wa zamani. Alikuwa amekula samaki wa Apeduno mara nyingi na kulamba vidole mbele yake.

"Ni mimi, sajini," Apeduno alisema. "Unanijua."

"Nakujua. Ndani ya sanduku iko nini?"

"Dada yangu. Amekufa hospitalini. Mume wake ni yule pale nyuma yako."

"Watu wanasema wako na maiti, kumbe wamejaza sukari. Fungua."

Okiror alianza kueleza mambo ya kanisa. Sajini hakumtazama. "Nimesema fungua."

Jeneza likawekwa chini kwenye lami. Dereva mmoja alileta bisibisi kubwa ya roli, misumari ikang'olewa mmoja mmoja, na kila msumari ulipotoka mbao zililia. Watoto wa Anjeline walikuwa wanaona yote. Sajini akainama, akafunua shuka kwa mdomo wa bunduki. Akamtazama maiti usoni. Halafu, akiwa ameshaona, akiwa ameshajua, akaudidimiza mtutu ubavuni mwa Anjeline, upande huu, kisha upande ule, kama mtu anayepima gunia kama kweli ni mahindi.

Wanawake wa kanisa walipiga yowe. Apeduno hakupiga yowe. 

"Umeona?" aliuliza.

"Nimeona. Huyu ni mtu ya Kenya."

"Ni wa Uganda! Ameolewa kwenu miaka yote hiyo."

"Kama ni wa Uganda, alikuwa nafanya nini Kenya?"

"Alikuwa mgonjwa!"

"Hospitali iko Uganda." Akajisimamisha wima. "Amri ni moja. Hakuna kitu naingia. Rudisha."

Etyang alijaribu kusogea. Askari mmoja akamsukuma kifuani kwa kitako cha bunduki, mbele ya watoto wake, na mtu mzima yule akakaa chini mavumbini.

Wakafunika jeneza, wakageuka. Mbele yao geti la Kenya lilikuwa limeteremshwa. Kando ya Bwire sasa alisimama mkubwa wake, afisa wa makamo mwenye funguo nyingi kiunoni, aliyekuwa amekwenda kunywa chai wakati muhuri unapigwa.

"Hiyo maiti inatoka wapi?" aliuliza.

"Inatoka hapa," Okiror alisema. "Tumepita sasa hivi, mzee. Wametukataza kule."

"Mmetoka Kenya. Muhuri ni huu. Sasa mnaingiza maiti kutoka nchi ya nje, na hiyo inataka cheti cha afya, inataka kibali cha wizara. Mko nacho?"

"Amekufa kwenu!" Apeduno alipaza sauti. "Amekufa kwa kitanda chenu! Kibali cha nini?"

"Mama, usinipigie kelele. Sheria sikuandika mimi."

Apeduno akamtazama Bwire. "Bwire. Ulitupitisha kwa mkono wako. Sema."

Bwire aliangalia viatu vyake. Vilikuwa vimepigwa rangi vizuri. "Mama," alisema polepole, "mimi hapa ni mtu mdogo."

Hapo ndipo jeneza la Anjeline lilipobaki juu ya daraja, halina nchi. Waliobeba walichoka wakaliweka chini. Jua lilikuwa limesimama utosini, lami ikanuka, na wanawake walivua leso zao wakazishika juu ya sanduku kama hema kwa sababu hawakujua wafanye nini kingine. Maroli yalijaa pande zote mbili. Mwanzoni madereva walipiga honi kwa kukosa subira, kisha waliposhuka na kuona kilichofunga njia wakanyamaza, wengine wakavua kofia. Okiror alikwenda huku, akarudi, akaenda kule, akarudi, akiwasihi wakubwa wa nchi mbili kwa Kiswahili cha kanisani. Kila upande ulimwelekeza upande wa pili. Afisa mwenye funguo alikwenda kula chakula cha mchana.

Apeduno alikuwa amekaa kwenye ukingo wa daraja, mikono mapajani. Harufu ilipoanza kutoka ndani ya sanduku, ndogo tu, akaisikia kabla ya wengine. Akasimama.

"Mnasikia?" alisema, akiwageukia wa Kenya, kisha wa Uganda, na sauti ilipasuka. "Nimewalisha nyinyi. Wote, huku na kule. Hakuna hata mmoja hapa ambaye sijamwosha bakuli. Mmekula mkanenepa kwa mikono hii, na leo mmeniwekea dada yangu juani kama samaki! Hata mbwa akifa barabarani mnamsogeza. Mbwa!"

Akamgeukia kaka yake.

"Okiror, beba."

"Tumpeleke wapi, dada?"

Alikuwa ameshaanza kutembea. Kati ya geti la Kenya na mwanzo wa daraja ndipo ilipokuwa ile njia ya kushukia mtoni, na Apeduno akashika njia hiyo, viatu mkononi, mchana kweupe, chini ya macho ya serikali mbili. Okiror aliangalia geti, akaangalia daraja. Kisha akainamisha bega chini ya jeneza, na mautingo wakamfuata.

Bwire aliita, "Mama, usifanye hivyo! Mama!" Hakumfuata.

Maji yaliwafika kiunoni, kisha kifuani. Wabebaji waliinua sanduku juu ya vichwa. Juu yao sajini alikimbilia ukingo wa daraja, buti zikigonga.

"Rudi! Nitapiga! Wewe mama, nitapiga!"

Bunduki ikakokiwa, mlio ule kila mtu aliujua. Apeduno akasimama katikati ya mto, maji yakimzunguka, akainua uso.

"Piga!" alisema. "Piga, halafu nenda nyumbani uwaambie watoto wako umepigana vita na jeneza!"

Risasi ikalia. Iligonga maji mbali nao kidogo, ikarusha tope. Mbebaji mmoja wa nyuma alijikwaa, pembe ya sanduku ikazama, maji yakaingia, na Apeduno akajitupa akaiinua kwa bega lake, maji yakimpita mdomoni. Okiror alianza Salamu Maria. Wanawake wakamjibu kutoka ukingoni. Na juu barabarani dereva mmoja akaegemea honi yake, akafuatiwa na mwingine, kisha wote, pande zote mbili za mpaka, kelele moja kubwa ya hasira ambayo watu walisema ilisikika hadi sokoni.

Upande wa pili Etyang alikuwa ameinuka. Aliingia majini na shati lake jeupe, majirani wakimfuata. Askari kijana aliyewekwa kulinda mahali hapo, aliyesemekana kuwa Mteso kama wao, wa mji wa Kumi, alitazama sanduku, akamtazama Etyang, akajisogeza pembeni na kuangalia juu ya miti. Sajini hakupiga tena. Kwa nini, hakuna anayejua. Etyang akalipokea jeneza la mkewe katikati ya mto.

Walimzika jioni ile ile, shuka likiwa limelowa maji. Apeduno hakulia kaburini. Alikaa matanga, akawaogesha watoto, akawapikia, akawatisha wale waliokataa kula. Kisha akarudi kwa njia ile ile, mtoni chini ya daraja, mchana.

Aliyemngoja ukingoni alikuwa Bwire, na polisi wawili.

"Mama, pole," alisema. "Kuna amri. Umetoka nchini bila ruhusa na umeingia bila ruhusa."

"Ni wewe ulinipigia muhuri wa kutoka."

"Huo ulikuwa wa daraja, mama. Si wa mto."

Apeduno alicheka, na wale polisi wawili walisema hawakutaka kukisikia kicheko hicho mara ya pili. Walimfungia kituoni mpaka Okiror na padre walipokwenda kumwombea. Mkuu wa kituo alimwachilia kwa onyo, akimweleza kwamba nchi ina matatizo makubwa kuliko ya mtu mmoja. Apeduno alimsikiliza mpaka mwisho, akamwuliza kama na yeye ana dada.

Alipofungua hoteli tena, Bwire alikuja mchana, akakaa mahali pake pa kawaida. 

"Mama, nipatie atapa na samaki."

"Hakuna."

"Lakini naona iko kwa sufuria."

"Iko. Si yako."

Bwire akainamisha kichwa. "Nilikuwa nafanya kazi yangu, mama. Ningekataa ningefutwa. Niko na wazazi wananingojea nyumbani."

"Na mimi nafanya kazi yangu," Apeduno alisema. "Kazi yangu ni kupika. Nampikia mtu. Siku ukiwa mtu, uje."

"Mama, kweli unanichukia hivyo? Si mimi niliyeweka bunduki kwa mwili wake."

"Yule sajini simjui kwao, simjui baba yake. Wewe uliniita mama." Akauchovya mwiko katika sufuria. "Toka, Bwire. Toka kabla sijakumwagia huu mchuzi."

Akatoka. Tangu siku hiyo Apeduno hakumwuzia chakula mtu yeyote wa sare, wala karani yeyote wa geti. Walijaribu kumtuma utingo awanunulie. Alijua, na alimrudisha utingo na bakuli tupu. Haikuchukua muda, watu wa afya wakaja, wakaona choo chake ni kibaya, choo kile kile walichokuwa wakikitumia wenyewe, na mabati yakafungwa kwa kufuli. Akahamia kando ya barabara na mafiga yake. Wakayapiga mafiga teke. Akahamia mbele kidogo.

Watu wanapenda kusema hasira hupoa. Ya Apeduno ilikaa. Ilimkondesha, ikamfanya awe mkali hata kwa wasio na kosa; watoto wa jirani walipita mbali na jiko lake. Aliacha kikundi cha akina mama kanisani siku mwenyekiti alipomshauri asamehe.

"Nimsamehe nani?" aliuliza, amesimama katikati yao na kitambaa cha kichwa kimemlegea. "Nitajieni mmoja aliyeniomba."

Akatoka.

Bwire alihamishwa kwenda Busia, na baadaye ilisemekana aliacha kazi ya serikali akafungua duka huko Khunyangu. Hakurudi kuomba chochote.

Serikali ya ng'ambo ilipoanguka mwaka wa sabini na tisa, daraja lilifunguliwa na watu wakapita wakicheza, matawi mikononi. Apeduno alipita baada ya kelele kwisha. Askari mpya, kijana, alimpungia mkono. "Karibu Uganda, mama!" Alimpita kana kwamba amepita nguzo.

Kwa Etyang alimkuta mke mwingine, mwanamke mnyenyekevu aliyemletea maji kwa magoti. Kaburi la Anjeline lilikuwa limefunikwa na majani hadi msalaba hauonekani. Hapo Apeduno alilipuka. Alimwambia Etyang maneno ambayo shemeji haambiwi, na Etyang, aliyekuwa amezeeka kupita umri wake, alimwacha aseme.

"Walinipeleka kambini baada ya siku ile," alisema mwishowe. "Walinipiga sana. Mgongo haukurudi. Siwezi kuinama kulima hata pamba." Akavuta shati akamwonyesha.

Apeduno alitazama mgongo ule. Hakuomba radhi, hakuwa na desturi hiyo tena. Alichukua jembe ukutani, akaenda kaburini, akaanza kung'oa majani kwa nguvu, udongo ukiruka. Baada ya kitambo akasikia mtu anang'oa upande wa pili. Alikuwa Amoit, kitinda mimba wa Anjeline, aliyekuwa mdogo sana siku ile ya mto.

"Mama mkubwa," msichana aliuliza bila kuinua kichwa, "yeye alikuwa mtu wa namna gani? Mimi nakumbuka sanduku tu."

Apeduno aliegemea jembe. Hasira ilimpanda tena, mpya kabisa, kwamba mtoto wa Anjeline alazimike kuuliza swali kama hilo. Aliimeza. Akakaa chini kwenye udongo uliolimwa, akamvuta Amoit akae, na akaanza kumweleza tangu utotoni mwao, jinsi Anjeline alivyokuwa na sauti mbaya ya kuimba na bado akaimba, jinsi alivyowahi kumng'ata mwalimu.

Walikuwa bado wanaongea Etyang alipowaita kula.